Mlima na Vipande vya Tairi

Ko, ko, ko: nilisikia kabla sijaliona gari. Juzi hapa Moroni mlio kama huo, wa maungio ya usukani yaliyolegea, ulinirudisha kwenye ua wetu wa utotoni kule Mutsamudu, ulionuka grisi na karafuu. Vipuri havikupatikana, kwa hiyo baba aliyajaza vipande vya tairi maungio ya gari kuukuu la mamluki mmoja wa kizungu, mwenye bastola kiunoni.

“Nawe unapanda, fundi,” mamluki alisema. “Tunashuka mlima. Tukifa, tufe wote.”

Baba alivaa kofia yake ya Ijumaa. “Mama Zaina, niwie radhi.”

“Radhi unazo. Hiyo mipira itashika?”

“Inshallah.”

Nilidhani anaogopa bastola ya yule mzungu. Sasa najua aliogopa kazi ya mikono yake. Akatoka, na mama akafunga mlango taratibu.