Kioo Kilichozuia Ndege

Kisa hiki hakuna atakayekiamini. Wako watakaosema mjomba ameanza tena, na wako watakaoikunja karatasi kabla ya kufika katikati. Wakunje. Mwanamke mmoja asiyefika hata kilo sitini, mtoto wa dada yake anayeandika haya, aliizuia ndege isiruke, abiria sabini wamekwisha kufunga mikanda na rubani amevaa miwani yake ya jua. Hakulala mbele ya matairi wala hakupiga kelele. Alikataa kutia sahihi, basi.

Kazini wanamwita Msumari, kwa sababu akishasimama mahali hang'oki. Ndivyo alivyozaliwa. Akiwa na miaka tisa, aliifungua redio ya mjomba wake, akaisafisha kwa mswaki, akairudishia kila kitu, mwisho ikambakia skrubu moja kiganjani. Redio ikaimba kuliko ilivyoimba dukani. Mjomba akamwambia, “Skrubu ya ziada ni faida, mwanangu.” Mtoto hakula siku hiyo. Akaifungua upya, mara ya pili, mara ya tatu, hadi akakiona kitundu ilikotoka. Redio haikuimba tena mpaka leo, lakini skrubu zote zimo.

Sasa ni mama wa watoto wawili na fundi wa ndege, na kampuni yake ina ndege tano kwenye matangazo na mbili angani. Moja inangoja injini iliyopelekwa ng'ambo kutengenezwa. Huko injini zimepanga foleni kama wagonjwa, na ya kwao imeambiwa zamu yake ni mwakani. Ya pili inangoja kifaa ambacho kiwanda kinasema kitatoka karibuni, na hiyo karibuni imeshatimiza mwaka na nusu. Ya tatu mafundi wanaiita Marehemu. Imesimama pembeni mwa karakana, haina injini, haina viti, na kila ndege nzima inapopungukiwa na kitu, mafundi huenda kwa Marehemu kumvua. Ndege mpya ziliagizwa siku nyingi. Picha ya mojawapo imebandikwa kantini, na rangi imeanza kupauka kabla yenyewe haijafika.

Hata mafundi wanayeyuka. Katika sita waliosoma pamoja na Msumari, wanne wamekwenda nchi za mishahara minono. Wanampigia simu kumcheka: “Wewe bado unamvua Marehemu nguo?” Na yeye anawajibu, “Marehemu hanisengenyi.”

Wiki hiyo alikuwa na jambo lake. Miaka kumi na mmoja kila alichokifunga kilikuwa lazima kipitiwe na mtu mwenye muhuri. Alikuwa amefaulu mitihani yote, ya mwisho ameirudia mara mbili huku ananyonyesha, na Ijumaa angekabidhiwa muhuri wake mwenyewe, wenye namba yake mwenyewe. Neno lake lingetosha kuipeleka ndege angani. Dada, yaani mama yake, alikwisha kuwatangazia majirani mtaa mzima. Mjomba, kwa upande wake, alitangaza mitaa miwili tu.

Jumatano asubuhi, ndege ya saa nne ikakutwa na pampu mbovu, ile inayosukuma mafuta ya kukunjua magurudumu. Ghalani hakuna pampu. Msumari na mwenzake, mwanamume mmoja aliyeitwa Mrefu kwa sababu zinazoonekana, wakaenda kwa Marehemu, wakaingia tumboni mwake panapokaa magurudumu, wakaing'oa yake. Wakaipima, wakaiandikia karatasi zake, wakaifunga kwenye ndege hai. Saa tatu na nusu kazi imekwisha. Abiria wakapanda.

Ikabaki kuhesabu vifaa. Sanduku la fundi wa ndege si kama gunia la fundi baiskeli. Kila droo ina sponji iliyochongwa umbo la kila kifaa: bisibisi ina kitanda chake, koleo ina chake, na kila kimoja kimechorwa namba. Kitanda kikiwa kitupu, kuna kitu kimelala kwingine, na huko kwingine huenda ni ndani ya ndege. Fomu ya vifaa haisainiwi na mkubwa wala mdogo ila yule aliyevitumia.

Msumari akavuta droo ya tatu. Kitanda cha kioo kilikuwa kitupu.

Ni kioo cha duara chenye mpini mrefu, cha kuchungulia nyuma ya mahali ambapo kichwa hakifiki. Akahesabu tena. Akajipapasa mifuko. Akahesabu mara ya tatu.

“Mrefu, kioo unacho?”

“Kioo gani?”

“Usinifanyie mzaha.”

“Kitakuwa kule kwa Marehemu. Kwani kule si ndiko tulikochungulia?”

“Na huku pia tulichungulia.”

Mrefu akakimbia kwa Marehemu na tochi, akamulika sakafu, akamulika chini ya tumbo, akarudi anahema. “Sijakiona. Lakini ndiko kiliko, naapa.”

“Unaapa umekiona?”

“Naapa kwa akili ya kawaida! Dada yangu, tia sahihi watu waondoke, tutakitafuta taratibu.”

Hapo ndipo mkuu wa karakana alipoingia. Si mtu mbaya, asisingiziwe. Ni mtu mwenye simu mbili zinazolia pamoja na macho mekundu ya kukosa usingizi, kwa sababu ndege mbili zikifanya kazi ya tano, usiku haumtoshi mtu. Akaiangalia droo. Akamwangalia Msumari.

“Unajua Ijumaa ni keshokutwa?”

“Najua, mkuu.”

“Ukiniandikia hapa kwamba umepoteza kifaa, karatasi hii inakwenda kwa wale wale wanaotoa muhuri. Mimi sina uwezo wa kuizuia.”

“Najua.”

“Na hiyo ndege ikishusha abiria, safari ya mchana nayo imekufa, na ya jioni. Nadhani unaelewa. Sikwambii utie sahihi. Nakuuliza tu: kwa moyo wako, kiko wapi?”

Msumari akakitazama kile kitanda kitupu. Moyo wake ulikuwa kwa Marehemu, kama wa Mrefu. Angeweza kuapa na yeye. Kalamu anayo mkononi, fomu ipo mbele yake, na mtaa mzima unangoja Ijumaa. Akakumbuka, ndani ya ndege hai, upande ule wa juu, nyuma ya pampu, nyaya zinakopita, mahali alipoingiza mkono mpaka begani akipapasa bila kuona. Hakukumbuka mkono ule ulitoka na nini.

“Sijui kiliko, mkuu,” akasema. “Na hii fomu inaniuliza kama najua.”

Mkuu akafumba macho kidogo, kisha akanyanyua simu. Abiria wakashushwa.

Unaposhusha watu sabini waliokwisha kujipanga, usitegemee nyimbo. Mama mmoja mnene, mwenye mkoba wa nguo za mtoto mchanga, alimwona Msumari na ovaroli lake akamwendea moja kwa moja.

“Wewe ndiye?”

“Ndiyo, mama. Samahani sana.”

“Binti yangu anajifungua leo. Wanasema tumeshushwa kwa sababu ya kioo.”

“Kweli, mama. Kioo.”

“Cha kujipodolea?”

“Cha kazi, mama.”

Yule mama akamtazama toka viatu hadi nywele zilizojaa grisi. “Hilo naliamini,” akasema. “Huna dalili za kujipodoa.” Akaenda kukaa, akampigia simu mkwewe kumweleza kwamba mafundi wa siku hizi hawana akili. Msumari alisikia kila neno, naye akarudi kazini.

Wakafungua vifuniko kumi na vinne vya ndege. Mrefu alinuna saa nzima, halafu akachoka kununa akaanza kusaidia kwa moyo. Jua likapita utosini. Msumari alijilaza chali kwenye ubao wenye magurudumu, uso umechafuka, machozi yanatoka pembeni ya macho yanaingia masikioni, akijiambia ni mafuta yale yanayochoma. Alimwaza mama yake akiwarudia majirani mlango kwa mlango. Alijiona mjinga. Lakini kila alipomaliza kifuniko kimoja, mikono ilikwenda kwenye kingine bila kumuuliza.

Ilipofika saa tisa, kilikuwa kimebaki kifuniko cha mwisho, kile cha juu nyuma ya pampu. Karakana nzima ikanyamaza. Msumari akaingiza mkono, akapapasa, polepole, na hapo, kwa haki ya mwenye haki, vidole vikagusa kitu cha baridi! Kioo! Kimejikita katikati ya nyaya za usukani, waya mmoja umeshakatika nusu, umebaki uzi kama wa buibui, ingenyanyuka ile ndege ingegeuka tumbo juu mbele ya macho ya—

“Mjomba.”

Ni Msumari mwenyewe, amesimama nyuma ya kiti, na ovaroli lake, anasoma juu ya bega la mwandishi. Amesoma tangu saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

“Mwanangu! Karibu, karibu. Nilikuwa nafika pazuri.”

“Kifuniko cha mwisho hakikuwa na kitu.”

“Ndiyo, lakini kwa msomaji—”

“Kioo kilikuwa kwa Marehemu. Nilikiweka mwenyewe juu ya ukingo, nilipopokea pampu kwa mikono miwili. Mrefu alimulika chini tu. Abiria walikaa bure mpaka saa kumi na moja, yule mama akafika mjukuu ameshazaliwa, na mimi muhuri nikacheleweshewa miezi sita kwa uzembe. Nilizembea. Andika hivyo.”

“Basi angalau waya, mwanangu, waya mmoja tu, ukwaruzike kidogo, maana mtu akisoma kwamba ulikuwa umekosea na bado ulifanya sawa, nani ata—”

“Futa, mjomba.”