Pembe Zilizonyooshwa

Wagonjwa waliniita mama wa fishi, na sikutaka jina jingine. Fishi ni karatasi ngumu, moja kwa kila mgonjwa, yenye jina lake, avenyu yake, uzito wake na kila alichougua tangu siku ya kwanza alipokuja kwenye kituo chetu cha afya pale mtaa wa Kampemba, katika mji wetu wa migodi. Kabati langu lilikuwa limejaa fishi hizo. Sikuzipanga kwa alfabeti. Nilizipanga kwa avenyu na namba ya nyumba, kwa sababu mtu wa kwetu anaweza kubatizwa upya katika kanisa jipya akapata jina jipya, lakini nyumba ya mama mkwe wake haihami. Mgonjwa alikuwa hajamaliza kusalimu, fishi yake iko mkononi mwangu.

Kazi hiyo nilijifunza katika hospitali ya kampuni kubwa ya shaba, kabla kampuni haijaanguka na sisi kupewa barua za kurudi nyumbani. Mama mmoja mzee wa kule ndiye aliyenifundisha desturi ya pembe. Mgonjwa ambaye penisilini ilimletea balaa, fishi yake inakunjwa pembe ya juu kushoto. Kwinini, pembe ya juu kulia. Dawa za salfa, pembe ya chini. Fishi yenyewe haikuwa na mahali pa kuandika mambo kama hayo, na umeme ukikatika kidole kinasoma pembe hata gizani. Ukimchoma penisilini mtu wa pembe ya kushoto, koo linaweza kufunga akafa mbele yako.

Nilipompa muuguzi fishi nilimwambia tu, huyu si wa penisilini. Akiniuliza nimejuaje, nilicheka. Wauguzi walihamishwa, wengine wakaja, mkuu wa kituo naye akabadilishwa, na hakuna aliyejua siri ya pembe isipokuwa mimi. Nilipenda iwe hivyo. Sina diploma ya serikali, nilikuwa na pembe.

Halafu mradi ukafika. Mji wakati huo ulikuwa unayumba. Migodi ilikuwa inafunga mmoja baada ya mwingine, wauguzi wa hospitali za serikali walikuwa kwenye mgomo, na bei ya unga ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Katikati ya shida hizo wakaja watu wa wizara pamoja na wafadhili wao, wakatuambia kwamba kituo kitakachoweka habari zote za wagonjwa ndani ya mashine ya kompyuta kitapimwa, na kikifaulu kitapewa cheti. Kituo chenye cheti kitapata motisha: dawa, mafuta ya jenereta, na kitu kidogo juu ya mshahara usiofika. Nani angekataa? Mkuu wetu aliimba cheti asubuhi na jioni.

Masharti yalikuwa marefu, lakini matatu ndiyo yaliyonihusu. Kila mgonjwa awe na namba yake. Kusiwe na sehemu hata moja iliyoachwa wazi kwenye mashine, maana kila uwazi unapunguza alama. Na karatasi, zikishaingizwa zote, zichomwe moto, ili kituo kisiwe na njia mbili na siri za wagonjwa zisije zikafungia mikate sokoni.

Mashine ikaja na mtu wake. Alikuwa binti wa watu wa mkoa wa Kasai, baba yake ana duka la vyuma na saruji, yeye mwenyewe ametoka chuo kikuu juzi. Kazi yake waliiita kwa Kifaransa, encodeuse, yaani mtu wa kuingiza habari mashineni. Mimi nilimwita binti wa mashine, na sikumwita hivyo kwa mapenzi.

Nitasema wazi: nilimwonea wivu tangu kiti. Walimletea kiti chenye magurudumu. Miaka yote ile mimi nilikalia benchi la mbao lililonitoboa vitenge viwili. Walimpa chumba chenye kufuli na feni, walimpa tisheti ya mradi, walimpeleka siku tatu kwenye semina katika hoteli ya mjini, akarudi na begi na kalamu. Niliomba nami niende, wakaniambia fomu inataka diploma. Wagonjwa, watu wale wale niliowajua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, wakaanza kumwita dokta. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nilijisemea, nikingoja kidonda kionekane. Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa maneno mawili ya mkuu. Zamani, mtu akiuliza chochote, alijibu, muulize mama. Sasa alijibu, angalia mu machine.

Ubaya wake ni kwamba binti hakuwa na kiburi. Angekuwa nacho ningepumzika. Aliniamkia kila asubuhi kwa kupinda goti, alinigawia chai yake yenye maziwa ya unga, aliniuliza habari za mguu wangu unaovimba. Kila wema wake niliuchunguza kama mtu anayetafuta mawe ndani ya mchele, na nisipoona jiwe nilikasirika zaidi.

Nilimbebea fishi avenyu moja baada ya nyingine, naye akaziingiza. Fishi ikiwa na pembe iliyokunjwa, aliiweka mezani, akainyoosha kwa kidole gumba, kisha akaigandamiza kwa kitako cha glasi mpaka ikalala sawa. Ni binti nadhifu, hapendi karatasi chafu. Mimi nimesimama pale. Niliona pembe ya kwanza ikinyooshwa, nikaona ya pili. Nilifikiri, ana chuo kikuu, na ajue mwenyewe. Siku ya tatu aliinua macho.

"Mama, hii mafishi, juu ya nini kona yake iko ya kukunjwa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema neno moja tu.

"Ni mapanya, mwana," nikamwambia. "Mapanya na mvua."

Alinitazama kidogo, akasema asante mama, akaendelea. Niliondoka pale nikijisikia mtamu mdomoni, kama mtu aliyeficha sukari. Usinidhanie sikujua nilichofanya. Nilijua. Nilijiambia tu kwamba mgonjwa wa pembe akija nitakuwepo, nitasema, na wote wataona kwamba bila mama mashine ni sanduku.

Fishi zikaisha. Tulizichoma nyuma ya kituo, karibu na shimo la sindano, mkuu akichochea kwa fimbo. Kabati langu likapelekwa stoo, na mimi nikapewa kazi ya kugawa vibao vya namba za foleni pale mlangoni. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Siku ya kupimwa walikuja wakaguzi wawili, mwanamume na mwanamke, wenye karatasi za maswali. Walitaka kumfuata mgonjwa mmoja wa kweli kuanzia mlangoni hadi dawa. Mgonjwa wa kwanza asubuhi ile alikuwa mama wa makala, mjane anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye kona ya avenyu yetu. Alikuwa amekanyaga bati, mguu umeiva usaha. Nilimpa kibao namba moja, na mkono wangu ukakumbuka kabla yangu: pembe ya kushoto. Penisilini.

Binti aliandika jina lake, habari zake zikatokea zote, hakuna uwazi hata mmoja. Kwa sababu ya lile sharti la alama, mkuu alikuwa ameamuru kwamba pale panapouliza dawa zinazomdhuru mgonjwa, kama fishi haisemi kitu, iandikwe "hakuna inayojulikana". Binti aliandika hivyo kwa watu wote. Mkaguzi akatingisha kichwa kwa kuridhika. Muuguzi akasoma kwenye mashine, hakumuuliza mama wa makala kitu, akaanza kuvuta dawa kwa sindano.

Nilikuwa mlangoni, hatua nne kutoka kwake. Mama wa makala naye hakusema, angesema nini? Hakuwahi kujua jina la dawa ile, miaka yote alijua kwamba fishi inajua. Nilitaka kusema. Lakini nilitaka pia mashine ianguke mbele ya wakaguzi, nilitaka mkuu aone, nikajiambia ngoja kidogo, muuguzi ataniangalia, ataniuliza kama zamani, hapo nitajibu. Hakuniangalia. Nilikuwa bado nangoja kuulizwa wakati sindano ilipoingia.

Midomo ya mama wa makala ilianza kuvimba kabla hajashuka kitandani. Ndipo nilipopiga kelele kwamba penisilini inamuua, wamchome adrenalini. Walimchoma, wakamchoma tena, wakambeba hadi kwenye gari la wakaguzi wenyewe, na kwenye hospitali moja ya watawa, kwa sababu zile za serikali zilikuwa na mgomo, walipigania pumzi yake mpaka alasiri. Alipona. Mpaka leo anauza makala, na sauti yake tangu siku ile ina mkwaruzo.

Mkuu alimuuliza binti mbele ya wote ni nani aliyeingiza fishi ile. Akajibu ni yeye. Alinitazama mara moja, nami nikatazama vibao vyangu vya namba. Wakaguzi walijadiliana kwa Kifaransa pembeni, kisha wakaandika kwamba kosa lilikuwa la mtu, si la mashine, na kwa kuwa sehemu zote zilijazwa, kituo kimefaulu. Cheti kilitundikwa ukutani wiki iliyofuata. Motisha ya binti peke yake ilizuiliwa. Nilikuwa nimengoja aibu yake kwa miezi, na ilipofika haikuwa na ladha yoyote.

Cheti hicho hakikumaliza hata robo ya kwanza ya mwaka. Habari zilikuja asubuhi moja kwenye simu ya mkuu: huko nje wafadhili wamefunga mkono, mradi umekwisha, wote wasimamishe kazi leo. Si mwezi ujao, leo. Siku chache baadaye gari likaja kuchukua mashine, feni, hata kile kiti. Walikisukuma uani kwa magurudumu yake, na wagonjwa wakacheka. Habari za watu wote wa mitaa yetu zikaondoka ndani ya sanduku moja, na karatasi zilikuwa majivu zamani. Mkuu alitoa kabati langu stoo akalirudisha mahali pake. Tupu. Akaniambia, mama, sasa tunakutegemea wewe.

Nilikuwa nimepata kila nilichotaka.

Binti alikuja kuaga mchana, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi. Alikuwa amevaa nguo zake mwenyewe, si tisheti ya mradi. Alinipa daftari la shule lenye jalada la bluu. Nililifungua. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula. Ya kwanza, avenyu na nyumba, kwa mpangilio wangu mimi, si wa alfabeti. Ya pili, pembe ipi: juu kushoto, juu kulia, chini. Ukurasa baada ya ukurasa, kila fishi aliyoinyoosha. Safu ya tatu ilikuwa na kichwa, "Maana", na chini yake, kwenye kurasa nilizofunua, hapakuwa na kitu. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: kuuliza mama, siku roho yake itakuwa muzuri.

"Nilijua haikuwa mapanya, mama," alisema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. "Panya haikunjaka, inakulaka."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema siku ile ya wakaguzi, maana baada ya mama wa makala lazima alielewa. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Bangekufukuza," akasema. "Na mwengine mwenye kujua maana yake haiko."

Akapinda goti kama kila asubuhi, akaniambia nitunze mguu, akaenda kutafuta teksi. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na neno lile lilikataa kutoka. Na niseme ukweli wote kwa vile nimeanza: hata pale, nikimwangalia mgongo wake akivuka barabara, nilimwonea wivu. Safari hii si wa kiti.

Nilikaa kwenye benchi langu na daftari magotini. Katika safu ya tatu alikuwa amejaza mstari mmoja tu, kwa kalamu ya risasi, kwenye nyumba ya mama wa makala: penisilini, na mbele yake alama ya kuuliza. Wagonjwa wakanung'unika kwamba foleni haiendi. Niliwaambia wasubiri. Nikaandika maana ya kila pembe, nyumba baada ya nyumba, mpaka mkono ukauma, kisha nikaingia kwa mkuu, nikaweka daftari mezani. Akalifunua, akauliza hii ni kazi ya nani.

Nilimwambia kazi ni ya binti wa mashine. Mapanya ndiyo yalikuwa yangu, nikamweleza ni mapanya gani. Akatoa raba kwenye droo, akanirudishia daftari, akaniambia nifute ile alama ya kuuliza mbele ya penisilini mimi mwenyewe.