Siku Niliyomdaka Mama Mkwe Kanisani

Hii huwa siisimulii mama mkwe akiwa karibu, na hata nyinyi nawaambia nikiangalia chini, kwa sababu kwetu Ukambani mwanamume humsalimia mama mkwe kwa mbali, hata mkono hampi, na mimi nilimbeba mikononi mbele ya kanisa zima.

Miaka ile ya themanini nilikuwa nafundisha bayolojia hapo Kabati. Mama mkwe akaotwa na uvimbe shingoni, nyumba yote ikaogopa kansa, na mimi (mjuaji) nikakumbuka nilisoma kwenye jarida kwamba seli za kansa zina njaa kali ya sukari, zinaichoma ovyo bila kutumia vizuri mitokondria, ule mtambo mdogo ndani ya seli unaogeuza chakula kuwa nguvu. Nikamwambia mke wangu, Mwende, "Tukizinyima sukari, zitakufa." Mwende akampelekea mama yake amri yangu: chai bila sukari, hakuna ugali, hakuna muthokoi (yale mahindi yetu ya kukobolewa), hata ndizi hapana. Mama akatii, maana mkwe wake ni mwalimu.

Jumapili kanisa lilijaa, nikapata nafasi benchi la nyuma yake tu. Tukasimama kuimba, nikaona kitambaa chake cha kichwa kinayumba, nikadhani wimbo umemgusa (kumbe ni njaa), mara akaanguka kinyumenyume na mikono yangu ikamdaka kabla sijafikiria adabu. Wimbo ukakatika. Mzee wa kanisa akasema polepole, "Mwalimu, mweke chini." Niliogopa ataumia, nikatoka naye hivyo hivyo, watu wote wamegeuka.

Hospitalini walimtundikia maji ya glukosi (sukari ile ile), na daktari akanisikiliza nikieleza amri yangu mpaka mwisho.

"Wanasayansi bado wanatafuta namna ya kuinyima kansa nguvu," akasema. "Lakini seli zenye afya nazo hula sukari hiyo hiyo, na wewe umezinyima zote. Halafu, nani alikwambia ni kansa?"

Uvimbe ukakatwa, ukapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja, ulikuwa mafuta tu. Mwende alikaa sakafuni pale koridoni akalia, na mimi nikakaa kando yake.

Mama mkwe alizungumza na Mwende, huku ameangalia ukuta, mimi nikiwa mlangoni. "Mwambie mwalimu asante kwa kunidaka. Lakini afundishe watoto wa shule tu."

Tangu hapo, mtu akinionyesha uvimbe, sitaji seli wala sukari. Nachukua koti, nampeleka kwa daktari.