Breki Juu ya Daraja la Bukene

Niliondoka Tabora kwa sababu ya injini za dizeli. Zilikuwa zimeanza kuvuta mabehewa mengi kuliko zile za moshi, na daraja kongwe la kabla hujafika Bukene, lililojengwa enzi za Mwingereza, halikutengenezwa kwa vishindo hivyo. Wakatafutwa mafundi wa kuchomelea vyuma, nami nikachukuliwa. Dada yangu Zuhura alinisindikiza stesheni. Mumewe, Shomari, ndiye dereva aliyepangiwa kulijaribu daraja tukishalimaliza.

Njiani, kila stesheni, Shomari alishuka kwenye injini yake kuja kunichokoza. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu misafara ya mababu. "Mnyamwezi, chomelea ovyo ovyo tu," alisema. "Nikifa utanunua sanda, na ubahili wako naujua." Nilicheka.

Bukene tulipokelewa na Mama Kabula wa kijiji kipya cha ujamaa, akatupikia ugali wa mtama na mlenda. Mpunga wa kijiji ulikuwa karibu na daraja.

"Shikamoo, mama. Mnalima pale pale chini?"

"Marahaba, baba. Ndipo tulipopangiwa. Nanyi mkaze vizuri, sisi tutakuwa tumeinama."

Darajani tulibandika mabamba mapya kwenye mihimili. Injinia alitueleza kwamba uzito si tatizo pekee. Treni ndefu ikifunga breki, hulisukuma daraja zima mbele, likataka kuteleza kwenye nguzo zake. Tangu hapo, kila nilipochomelea, nilimwona Zuhura amekaa eda.

Siku ya majaribio watu waliondolewa shambani. Shomari alitakiwa kufunga breki katikati kabisa ya daraja. Nikangoja anitanie. Akasema tu, "Kaka, umwangalie Zuhura," akapanda injini. Alikuwa hajawahi kuniita kaka. Nikakaa chini. Treni ikaja, breki zikalia, chuma kikaguna, kutu ikamwagika mtoni. Nilifumba macho. Nilipofumbua, treni ilikuwa imesimama, na daraja pia.

Kurudi Tabora tulipita juu yake na abiria. Walikuwa wakimenya karanga na kubishana bei ya ng'ombe, hakuna aliyetazama nje. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili.

Nilidhani kazi ikiisha na hofu itaisha. Sivyo. Shomari huvuka pale kila wiki, na mimi ndiye ninayejua kila mahali nilipochomelea. Treni yake ya Mwanza ikichelewa, Zuhura hupakua chakula, watoto wakala. Mimi hunawa mikono, nikakaa nayo hivyo hivyo mpaka ikauka.