Abiria wa Mchanga

Reli mpya ya vitongojini haijaruhusiwa kubeba watu, kwa hiyo dereva wa majaribio anabeba magunia ya mchanga, yamekaa vitini mawili mawili kama wanandoa walionuniana. Msafishaji wa mabehewa, binti mwenye hasira za karibu, husafiri humo na kumwona dereva kila asubuhi: anafuta mkono wa breki kwa shati, anakohoa kidogo, kisha anasema taratibu, "Kona hiyo, jamani, shikeni." Ukungu na mapaa vinapita dirishani kama usingizini.

Leo mkaguzi amepanda na saa yake. Dakika moja tu ikizidi, kazi anapewa dereva mwingine. Karibu na kituo cha mwisho, gunia likaporomoka. Dereva akasimamisha treni, akaja kuliinua, akalipangusa.

"Samahani, mama."

"We mzee, hilo ni gunia tu!" mkaguzi akafoka.

"Leo ni gunia, bosi."

"Na wewe si umsaidie, umesimama kama mlingoti!" binti akamrukia mkaguzi.

Wakafika wamechelewa dakika mbili. Dereva akafungua milango, akangoja, jinsi watu wanavyongojwa washuke. Mkaguzi, kalamu mkononi, akajikuta amesogea pembeni kuwapisha.