Mfuko Unaobonyea

Mfuko au sanduku? Swali hilo lilininyima usingizi karibu mwezi mzima, na mpaka leo nikisikia mvua ikipiga bati hulikumbuka kabla sijakumbuka jambo lingine lolote la Kasulu.

Nilikuwa mwalimu kijana katika chuo cha ualimu cha pale, nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, nina shahada ya hisabati na pikipiki kuukuu niliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarejea kwao Ulaya. Nyumbani kwetu ni Singida. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa huko mwezi wa Desemba, na kwa kuwa baba alikwisha kufariki, mimi ndiye niliyepaswa kumkabidhi. Ningeweza kwenda Kigoma nikapanda treni kama mtu mwenye akili timamu. Lakini katika barua moja niliyomwandikia nilijisifu kidogo juu ya pikipiki, na jibu lake lilikuja upesi kuliko barua zote alizowahi kuniandikia: "Kaka, nimekwisha watangazia watu wote kwamba nitapelekwa kanisani kwa pikipiki yako. Na usisahau vitenge."

Vitenge vilikuwa vya Zaire, vilivyovuka ziwa mpaka Kigoma na kutoka Kigoma mpaka chini ya kitanda changu: vya bibi harusi, vya mama, na vya mashangazi wote, sare moja. Kimoja tu kikilowa maji ya matope, shangazi mmoja angekosa sare, na mashangazi zangu nawajua. Harusi ingefungwa, lakini isingesahauliwa.

Kwa hiyo ilinibidi kuvifikisha vikavu, kwa barabara ya Kibondo, Nyakanazi, Kahama na Nzega, katika majira ya mvua. Na hapo ndipo mawazo yaliponiteka. Sanduku la bati halipitishi maji, lakini pikipiki ikianguka litanivunja mguu. Mfuko wa turubai ukianguka utalala nami chini kwa upole, lakini utalowa. Sanduku litapiga kelele njia nzima. Mfuko unaweza kuungua kwenye bomba la moshi. Sanduku lina kufuli. Mfuko una kamba, na kamba hufunguliwa na mtu yeyote mwenye vidole.

"Msomi," mwenzangu aliniambia asubuhi moja tukinywa chai. Alikuwa mwalimu wa historia, tunakaa nyumba moja, na hakuwahi kuniita jina jingine. "Jana umegeukageuka mpaka nikadhani una vita na godoro. Nani ameshinda?"

"Nafikiria mfuko."

"Juzi ulisema sanduku."

"Nafikiria vyote viwili."

"Pikipiki ina magurudumu mawili tu, ndugu yangu. Mashaka yako utayapakia wapi?"

Nikaona aibu, nikaamua. Mfuko. Nikaenda dukani kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka Bagamoyo kabla sijazaliwa, ambaye barazani kwake alikuwa na fundi cherehani.

"Mzee, nataka turubai la kushona mifuko ya pikipiki, mmoja kulia, mmoja kushoto."

"Unataka shogi," akasema. "Kama la punda."

Singida tuna punda wengi, na nilijua fika shogi ni nini. Sikupenda tu kuambiwa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Singida."

"Kwa njia ya Kahama?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona nilipokuwa nanunua sabuni. "Kahama nina dada," akasema, kisha akamgeukia fundi. "Ongeza shubiri moja kila upande."

"Mzee, vipimo nimevipigia hesabu..."

"Ongeza shubiri moja."

Mifuko ilipokwisha kushonwa, nikawaza mishono. Mshono ni tundu na uzi, na uzi hunyonya maji. Nikanunua nta ya nyuki sokoni, nikaiyeyusha, nikaipaka kila mshono, kisha kwa usalama zaidi nikaipaka mifuko mizima, nje na ndani. Nyumba ikanukia mzinga. Halafu nikawaza: nitajuaje kama maji yameingia? Nikakata karatasi ya kukaushia wino, nikaitia madoa ya wino wa kalamu, nikaiweka chini kabisa ya kila mfuko. Unyevu ukiingia, madoa yatasambaa. Juu yake nikaweka mashuka ya zamani badala ya vitenge. Jumamosi nikaondoka kwenda Kibondo kwa majaribio.

Nilifika kijiji cha Nyakitonto salama. Nikasimama juu ya kilima kukaza kamba. Mama mmoja akatoka shambani na kifurushi cha majani ya mgomba.

"Mwakeye, mwalimu."

"Mwakeye, mama."

"Unakwenda Kibondo. Nina mwanangu kule, mpishi wa hospitali. Umpelekee dagaa."

"Mama, samahani sana, mifuko imejaa."

Hakubishana. Alinyoosha kidole kimoja, akakididimiza ubavuni mwa mfuko. Kidole kikazama.

"Unabonyea," akasema.

Katika mwezi mzima wa kufikiri, hilo sikulifikiri. Mwenye sanduku husema limejaa, na mfuniko humtolea ushahidi. Mfuko hausemi uongo. Ukiubonyeza unabonyea, na kwa watu wa kule msafiri anayekataa kifurushi huku mfuko wake unabonyea ni mtu ambaye hata salamu yake hupokelewa kwa mashaka.

"Mama, hii ni safari ya majaribio tu."

"Basi jaribu na dagaa."

Nikawafunga dagaa ndani. Chini ya kilima palikuwa na kijito na matope, na bila kuchelewa pikipiki ikazama mpaka kwenye vyuma vya kukanyagia. Yule mama, ambaye bado alikuwa juu akiusindikiza mzigo wake kwa macho, akapiga ukelele kwa Kiha. Sikuelewa ila neno moja, nalo lilikuwa dagaa. Wanaume waliokuwa wakipalilia maharage wakatupa majembe wakaja mbio. Walinyanyua mifuko kwanza, pikipiki baadaye, na mimi mwisho.

"Hawajalowa?" mmoja aliniuliza kwa wasiwasi.

"Sijalowa sana, asante."

"Nasema dagaa."

Kibondo nilimpata mpishi. Alifurahi mno. Asubuhi, nikiwa naondoka, akaja na kibuyu cha asali kilichozibwa kwa majani. "Cha mama," akasema, akaubonyeza mfuko. Nikafungua kamba. Nilikuwa nimekwisha kuelewa utaratibu.

Barabara ya Kibondo wakati huo ilikuwa na mawimbi kama bati la kuezekea. Sijui kizibo cha kibuyu kilichomokea wapi. Nilichojua ni kwamba kila niliposimama, nyuki walisimama nami. Mwanzoni wachache, wakichunguza nta kwa heshima. Kisha wakaitana. Nikaacha kusimama. Nilipita vijiji nikiwapungia watu mkono, wakanipungia, wakaona kinachonifuata, wakaingia ndani.

Nyakitonto nilisimama mbali na nyumba nikampigia yule mama kelele. Akaja na moshi wa majani mabichi, akafungua mfuko, akachungulia. Kibuyu kilikuwa kitupu. Nikaanza kuomba radhi.

"Unaomba radhi ya nini? Iko humu yote." Akaleta sufuria, akaukamua mfuko wangu kama mtu anayekamua ng'ombe. Shuka langu moja alilikamua pia, akalirudisha, akanishukuru.

Matokeo ya majaribio yalikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Maji hayakuingia hata tone, na asali haikutoka hata tone. Karatasi zangu za wino zilikuwa zimegeuka peremende. Nilipofika nyumbani sisimizi walitoka sehemu zote za wilaya, na mwenzangu akatoka na mkate, akachovya kwenye pembe ya mfuko, akatafuna kwa utulivu.

"Mfuko mzuri huu," akasema. "Usiufue."

Niliufua. Nikaapa: sanduku. Sanduku la bati, lenye kufuli, lisilobonyea kwa kidole cha mtu yeyote. Nikatengenezewa, nikalifunga nyuma ya kiti kwa vyuma, na Jumamosi iliyofuata nikalijaribu mpaka Nyakitonto. Lilipiga kelele kama nilivyobashiri. Watu walinisikia nikiwa mbali, wakatoka na vifurushi, wakaliona bati, wakarudi navyo ndani. Hakuna aliyenisumbua. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kanuni mpya.

Kisha nikashuka kilima kile kile, na pikipiki ikazama matope yale yale, kwa kina zaidi, maana usiku ilikuwa imenyesha. Wanaume walikuwa shambani kama siku ile. Yule mama alikuwa nao. Walinyanyua vichwa.

"Mwakeye, mwalimu," akasema kwa sauti ya juu.

"Mwakeye, mama. Naomba msaada kidogo."

"Ile mifuko iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Hilo bati lina nini?"

"Vitu vyangu."

"Vyako peke yako?"

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake akawatafsiria. Wakalijadili jambo hilo kwa muda.

"Basi pole," akasema.

Sitaki kuwasingizia. Hawakuwa watu wabaya, na walikuja. Ila walikuja baada ya kumaliza tuta, tena baada ya kula. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu katikati ya kijito, mvua ikinipiga, kufuli likiwa salama kabisa. Mmoja alinipa kiazi cha kuchoma.

Nilikitafuna kile kiazi nikifikiri, na kwa mara ya kwanza mawazo yangu yalikwenda mahali. Kutoka hapa mpaka Singida kuna mabonde mangapi ya namna hii? Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, na kuendelea, na katika kila bonde ningezama, maana mimi si dereva, mimi ni mwalimu wa hisabati. Na katika kila bonde watu wangeniuliza: humo mna nini? Nami ningejibu: vitu vyangu. Nikipewa pole kumi na kusubiri matuta kumi yamalizwe, mdogo wangu angekwenda kanisani kwa miguu, huku watu wote aliowatangazia wakimwangalia.

Siku iliyotangulia safari nilikwenda dukani kwa yule mzee.

"Mzee, shikamoo. Yule dada yako wa Kahama. Humtumii kitu?"

"Marahaba." Akavua miwani. "Nilisikia umetengeneza sanduku."

"Nimelifanya kabati la vyombo. Naondoka alfajiri, na mifuko."

Hakuniuliza zaidi. Akaita watu. Kasulu ni mji mdogo, na habari ya mfuko unaobonyea haihitaji redio. Jioni ile baraza letu lilikuwa kama stendi: maharage ya Kakonko, viatu vya mtoto wa mtu Nzega, sabuni, dawa ya kikohozi, picha ya kipaimara iliyofungwa katika gazeti. Kila mmoja nilimuuliza jambo moja tu: ndugu yako anakaa karibu na mto gani? Mwenzangu alikaa mlangoni akipokea kama karani.

"Na vitenge vya mashangazi utaweka wapi?" akaniuliza. "Nafasi imekwisha."

Hilo nilikuwa nimekwisha kulifikiri, mara moja tu, bila kulirudia. Mahali pakavu kuliko pote juu ya pikipiki ni tumbo la dereva. Alfajiri nikajizungushia vitenge vyote mwilini, kimoja juu ya kingine, mama kwanza, kisha mashangazi kwa umri, bibi harusi juu kabisa, na juu yake koti la mvua. Mikono yangu haikuweza tena kukutana kifuani. Mwenzangu akanizunguka akinikagua, akaninyooshea kidole, akakididimiza tumboni.

"Msomi," akasema, "leo hata wewe unabonyea."

Yule mzee alikuwa amesimama barabarani mbele ya duka lake, kanzu ameishika isiguse matope. Nikasimama. Kifurushi cha dada yake kilikuwa tayari ndani tangu jana, lakini mkono wa pili alikuwa ameuficha nyuma. Akautazama mfuko wa kulia, ukiwa umejaa mpaka kamba zinalia. Akaujaribu kwa kidole.

Sikumsubiri aseme.

"Weka, mzee," nikamwambia, nikafungua kamba, akaweka, nikafunga, nikatia gia, nikashika njia ya Kibondo.