Langoni Ijumaa Jioni

Ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Migori ina lango moja jembamba, na Mama Marcella, keateka wetu anayetunza nyumba, ndiye anayeamua gari gani lilale wapi. Yeye mwenyewe hana hata baiskeli. Ijumaa jioni Wasabato huegesha karibu na lango, maana kesho yake wanawahi kanisani. Jumamosi jioni wanarudi nyuma, Wakatoliki wanasogea mbele. Ugomvi hakuna.

Ndipo akahamia Elvis, kijana wa Rodi Kopany mwenye gari linalong'aa. Ijumaa yake ya kwanza akaegesha langoni.

"Wewe unasali wapi?" Mama Marcella akamwuliza.

"Mimi? Sisali popote, mathe."

"Basi peleka gari nyuma, kando ya banda la kuku. Wewe huna haraka."

Elvis akafoka, eti sheria hiyo imeandikwa wapi. Imeandikwa wapi! Kwani kila kitu huandikwa? Jumapili nzima alishinda akipangusa mavi ya kuku kwenye kioo.

Ijumaa iliyofuata aliegesha langoni tena, akashuka na Biblia mpya kwapani, bado imefungwa kwenye nailoni yake.

Mama Marcella aliitazama ile nailoni, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Kesho saa mbili unanibeba hadi kanisani."